Wanafunzi wa filamu, hata maji ya bombani yana bili

Wadau, leo sina stori ya nani kaachana na nani wala nani kahamia kwa nani. Leo nataka kugombana, na ninaogombana nao wengi wenu mnasoma hapa hapa, mkiwa kwenye daladala mnarudi chuoni. Wanafunzi wa filamu, kaeni vizuri.

Msimu umeanza. Yeyote aliye kwenye magrupu ya WhatsApp ya wasanii ameshaliona tangazo lenu. Linazunguka kila mwaka zikikaribia kazi za mwisho, linabadilika tarehe tu:

“Habari ndugu wasanii. Sisi ni wanafunzi wa filamu, tunatafuta skripti ya filamu fupi ya dakika 5 hadi 10. Wahusika wasizidi 3, lokesheni zisizidi 2. Isiwe na usiku, isiwe na mvua, isiwe na gari. Iwe na ujumbe kwa jamii. Kwa sasa hatuna bajeti ila mwandishi atapata jina. Mwisho Ijumaa. Tuma PDF kwa namba hii.”

Mi nalipenda hilo tangazo, msinielewe vibaya. Limeandikwa na mtu anayejua mfuko wake. Watu 3, chumba kimoja, mchana tupu, hivyo ndivyo filamu ya mwanafunzi inavyotakiwa kuwa. Kuna wakubwa wa hapa mjini walioingia kwenye filamu yao ya kwanza na helikopta kichwani, wakatoka na madeni. Nyie angalau mmepiga hesabu.

Ila hesabu yenyewe tuifungue. Kamera mmekodi, mwenye kamera kalipwa na kaacha mtu wake wa kuilinda. Taa mmekodi. Mwenye nyumba mliyorekodia kapewa chake, na bado akalalamikia umeme. Mama ntilie kaleta wali maharage wa watu 12, kalipwa papo hapo, na angekataa kuondoka asingelipwa. Bodaboda aliyekimbizwa kufuata betri kalipwa. Fulana nyeusi zenye jina la filamu mgongoni zimechapishwa, na mnazo mpaka leo. Halafu mtu aliyewapa sababu ya kukodi vyote hivyo anaambiwa “hatuna bajeti”.

Yani bajeti ipo. Ilimpita yeye tu.

Na kazi yenyewe watu wanaidharau kwa sababu inaonekana ndogo. Ukurasa mmoja wa skripti kwa kawaida unahesabiwa kama dakika moja ya filamu, kwahiyo mnaomba kurasa 5 mpaka 10. Kurasa 8! Risala ya harusi ni ndefu kuliko hapo. Sasa jaribu kuziandika. Watu 3 chumbani, hakuna anayetoka, hakuna gari la kukimbizana, hakuna mvua ya kulia nayo, na dakika 8 baadaye mtazamaji awe amemjua mtu, amemwogopea, na kuna kitu kimebadilika. Kwenye tamthilia ya kila siku ukikosea leo unarekebisha kesho. Kwenye filamu fupi sentensi moja ya hovyo inasikika mpaka nyuma ya ukumbi.

Sasa twende kwenye kilichonifanya nikae niandike.

Kuna dada mmoja, jina kapuni, ana kibanda cha steshenari jirani na chuo kimoja hapa mjini. Chuo nacho kapuni, na msianze kubahatisha. Kazi yake ni kuchapa barua za maombi ya kazi za watu, kutoa kopi, kubandika picha za pasipoti. Wateja wakipungua mchana, anaandika vya kwake. Siku moja tangazo kama hilo likamfikia, kwa sababu walikuja kulichapa kwake. Akawaambia madogo, mi ninayo moja. Wakachekelea, “Dada mkubwa, tuma tuisome.”

Akatuma. Kurasa 9. Bibi na mjukuu wake wako chumbani Temeke, katikati kuna cherehani. Mjukuu kakopa kwenye simu, namba za kudai zinapigwa hadi kwa majirani, anataka bibi auze cherehani. Ndo hivyo tu. Filamu nzima ni watu wawili na mashine. Kuna mahali mjukuu anamhesabia bibi riba, na bibi anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anamuuliza, “Haya, na huo mkopo nitauvaa?”

Hiyo sentensi dada hakuitunga. Ni ya bibi yake mwenyewe, aliyemlea, marehemu. Aliwahi kuisema kweli, siku ya kweli, kuhusu cherehani ya kweli. Dada aliibeba miaka yote mpaka akapata pa kuiweka.

Baada ya kutuma, kimya. Akajua wamekosa kuipenda, akaendelea na kopi zake. Miezi ikapita. Siku moja mteja anamwonyesha kipande Instagram, kimerekodiwa kwa simu ukumbini, watu wanacheka na kupiga makofi. Kwenye skrini kuna mzee kakaa mbele ya cherehani anasema, “Haya, na huo mkopo nitauvaa?” Chini komenti zimejaa: dogo unatisha, dogo una kichwa, hii mistari unaitoa wapi. Na dogo mwenyewe kajibu kwa emoji ya mikono iliyokunjwa. Kwenye bango: Hadithi na Uongozaji, jina la dogo.

Dada akamwandikia. Nimeonyeshwa hizo meseji, sijasimuliwa. Hakutukana wala hakudai hela. Aliuliza tu, “Mdogo wangu, mbona jina langu silioni?” Jibu likaja baada ya siku mbili: “Dada angu, ile tuliibadilisha sana. Bibi tukamfanya babu. Wewe ulitupa wazo tu, na wazo halina mwenyewe.” Baada ya hapo, kimya.

Wazo halina mwenyewe. Nani anawafundisha hii sentensi? Maana nimeisikia kwa watu 3 tofauti, kwa maneno yale yale.

Ni kweli nusu, na hiyo nusu ndiyo inayowadanganya. Hakimiliki hailindi wazo likiwa wazo. Ukisema “filamu kuhusu bibi na mkopo wa simu”, hilo ni la kila mtu, hata mimi naweza kuandika yangu kesho. Ila kurasa 9 zenye watu, mpangilio wa matukio na maneno wanayosemeshana sio wazo tena. Hiyo ni kazi iliyoandikwa, na inalindwa tangu ilipoandikwa. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya wana yao ya 2001, na nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Berne, ambao unasema ulinzi huo hausubiri usajili wala muhuri. Kwenda kusajili kunasaidia siku ya kubishana, lakini haki ilishakuwepo kabla ya foleni. Na kumgeuza bibi awe babu hakukuokoi. Huko kunaitwa kurekebisha kazi ya mtu, na kurekebisha nako kunahitaji ruhusa yake. Tena hata akikuruhusu bure kabisa, haki ya kutajwa kama mtunzi inabaki kuwa yake.

Kwahiyo dogo mwenye mikono iliyokunjwa alichukua vitu viwili, skripti na sentensi ya marehemu. Sentensi ndiyo inayoniuma zaidi. Dada ananiambia anachotaka ni watu wajue tu kwamba kuna mwanamke aliwahi kuisema.

Najua mnachotaka kujibu. “Sisi wanafunzi, hatuna kitu, tungelipa na nini?” Sawa, na mi nakubali. Mwanafunzi hana hela na hakuna aibu hapo. Kuomba skripti bure ni halali, kupewa bure ni halali, waandishi wengi wachanga wanatoa kwa moyo mweupe kwa sababu nao wanataka kuona maneno yao yakitembea. Ninachowakatalia ni kuifanya bure iwe ruhusa ya kutoandika chochote. Mkikubaliana sifuri, iandikeni hiyo sifuri.

Na hapa niwape mfano wa mtu asiyekuwa na shida ya hela hata kidogo. Stephen King, yule Mmarekani wa vitabu vya kutisha, mmoja wa waandishi wanaouza sana duniani. Kuanzia 1977 alikuwa na utaratibu wa kuwapa wanafunzi wa filamu na waongozaji chipukizi ruhusa ya kutengeneza filamu kutokana na hadithi zake fupi. Bei? Dola 1. Ndio, moja. Ila dola hiyo ilikuja na masharti kwenye karatasi. Filamu isionyeshwe kibiashara bila idhini yake, na ikikamilika nakala itumwe kwake. Utaratibu ukadumu miaka zaidi ya 40, na filamu zake zikapata mpaka jina lao, Dollar Babies.

Mmoja wa vijana waliopita humo ni Frank Darabont. Mwaka 1983 alikuwa na filamu fupi iliyotokana na hadithi ya King iitwayo The Woman in the Room. Miaka 11 baadaye huyo huyo akaongoza The Shawshank Redemption, nayo ya King, ile ambayo mjomba wako anaiangalia kila ikirudiwa kwenye tivii. Aliyeanza kwa kuomba ruhusa akafunguliwa mlango mkubwa zaidi. Sasa dogo wetu, akitaka skripti ya pili kutoka kwa dada wa steshenari, ataanzaje?

Mtasema huko ni Marekani, kwao hata kupiga chafya kuna mwanasheria. Haya, turudi huku. Watu Wote, mnaijua? Ile filamu fupi ya Kenya kuhusu abiria wa basi waliovamiwa karibu na Mandera, Desemba 2015, ambapo Waislamu walikataa kutenganishwa na abiria Wakristo. Watu wanazungumza Kiswahili na Kisomali mle ndani. Nakutana na vijana wengi hawajui kwamba ile ilikuwa kazi ya wanafunzi. Mwongozaji, Katja Benrath, alikuwa anamalizia masomo Hamburg Media School, Ujerumani. Ilishinda tuzo ya Oscar ya wanafunzi 2017, na 2018 ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar zenyewe upande wa filamu fupi. Kazi ya chuo, jamani, ya dakika 20 na kidogo.

Sasa angalia majina yake. Mwongozaji anasimama peke yake na uandishi una jina la mtu mwingine, Julia Drache. Hakuna aliyejibebesha “hadithi na uongozaji” ili bango lipendeze. Filamu ikapanda mpaka Los Angeles na mwandishi akiwa bado ndani yake, na hadhi ya mwongozaji haikupungua hata robo.

Nyumbani nako mifano ipo. Vuta N'kuvute ya 2021, ya Amil Shivji, inajulikana popote inapotajwa kwamba imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Je, kuna aliyesema Amil hajui kazi kwa sababu hadithi ni ya mzee Shafi? Watu walisema kinyume, kwamba jamaa anajua kuchagua.

Hapo ndo tatizo lenyewe lilipo, nikiliangalia vizuri. Mnaona aibu kusema hamkuandika. Mmeaminishwa kwamba mwongozaji wa kweli ni yule anayeandika, anashika kamera, anahariri, anaimba wimbo wa mwisho na kupika chai ya wasanii. Wapo wanaoweza. Wewe unaweza kuwa sio mmoja wao, na bado ukawa mwongozaji mzuri sana. Kuisoma skripti ya mtu mwingine na kuona filamu ndani yake ni kipaji tosha, tena adimu. Yule dogo angeandika tu jina la dada kwenye bango, leo tungekuwa tunamsifu kwa jicho lake, maana alipokea skripti kutoka kwa mtu anayebandika picha za pasipoti na akajua ni dhahabu. Sifa hiyo ilikuwa yake kihalali. Ameiacha mezani akaenda kuchukua ya mtu.

Walimu nao siwaachi. Mkufunzi unapokea kazi za mwisho 20, unasahihisha mwanga, sauti, mkato wa picha. Umewahi kuuliza karatasi ya ruhusa ya mwandishi iko wapi? Mwanafunzi akileta tasnifu aliyonakili kwa mwenzake mnamrudisha nyumbani. Akileta filamu yenye maneno ya mtu, mnampa A na mnapiga naye picha. Ongezeni sharti moja kwenye fomu zenu, kwamba kazi isiyo na saini ya mwandishi haisahihishwi. Tabia hii itaisha muhula mmoja.

Na nyie waandishi, msikae mnaitikia tu “waambie hao”. Mnatuma skripti nzima kwa namba msiyoijua, haina jina ukurasa wa kwanza, haina tarehe, haina hata namba ya simu, faili linaitwa “skripti mpya mpya FINAL 2”. Kwanini? Tuma muhtasari wa aya moja kwanza. Wakiipenda, ndo utume iliyobaki, kwa barua pepe, jina na tarehe vikiwa juu ya kila ukurasa. Meseji usifute. Dada wa steshenari alikuwa na faili lake la kwanza kwenye kompyuta, tarehe zote zinaonekana, na mazungumzo yote ya WhatsApp yapo. Bahati yake. Wengi hawana hata hicho.

Kuhusu hiyo karatasi, msiogope neno mkataba mkadhani mpaka wakili. Ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida unatosha kwa kazi ya chuo. Mimi fulani nimeandika skripti inayoitwa hivi, nawaruhusu fulani na wenzake kutengeneza filamu moja fupi. Jina langu litakaa mwanzoni, mwishoni na kwenye bango, tena kwa herufi sawa na za mwongozaji. Mabadiliko makubwa mtaniuliza. Nitapata nakala na nitaalikwa siku ya kuonyeshwa. Ikishinda hela au ikiuzwa, tutagawana kiasi hiki. Msipoirekodi ndani ya mwaka mmoja, inarudi kwangu niwape wengine. Saini, tarehe, kila mtu abaki na kopi. Hicho kipengele cha mwaka mmoja msikiruke, maana kuna skripti zimelala kwenye simu za madogo toka enzi za mwaka wa kwanza na mwandishi anaogopa kuzigusa akidhani ameshazitoa.

Na mkiweza, ongezeni kitu. Elfu 30 ya nauli na bando. Ni hela ya fulana chache zile nyeusi. Mwandishi hatatajirika, ila atajua mlimweka kwenye hesabu, pamoja na wali maharage.

Kwa mbishi ambaye mpaka hapa bado anasema namwonea, basi tuongee faida yako. Matamasha ukituma filamu, mengi yanakutaka uthibitishe kwamba haki zote unazo. Ukijaza FilmFreeway kuna nafasi ya mwongozaji na kuna nafasi ya mwandishi, mbali mbali. Unasaini nini pale? Ukiweka YouTube, mwenye kazi akilalamika na lalamiko likasimama, video inashuka na chaneli inapata onyo, na maonyo 3 ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli nzima, pamoja na zile video zako nyingine za harusi ya binamu. Filamu uliyolipia kamera, taa, nyumba na mama ntilie inakaa kwenye diski unaionyesha kwa mashemeji.

Dada hajalalamika YouTube bado. Nimemuuliza anasubiri nini, akasema anampa dogo mpaka mwisho wa mwezi abadilishe bango na aweke jina kwenye filamu. Anasema hata lile la bibi yake likiingia pale mwisho, kwa maandishi madogo, atashukuru. Dogo, najua unasoma, maana ulilaiki posti yetu ya juzi. Kubadilisha mistari miwili kwenye faili la kuhariri ni kazi ya nusu saa, hata kwa kompyuta ya chuo.

Wengine mliopitia haya, upande wowote, komenti ziko wazi hapo chini. Semeni yaliyowakuta. Majina ya watu na vyuo muyaache kapuni, nitayafuta.